Kanzu ya Hana: Jinsi ya Kumvika Mtoto Aliye Mbali

SOMO LA WIKI KWA USHIRIKA WA NYUMBANI

Andiko kuu: 1 Samweli 2:11–21
Maandiko ya ziada: Kutoka 2:1–10, Esta 2:5–7, Matendo 9:36–42, 2 Wakorintho 8:16–21, Yakobo 2:14–17
Andiko la kukariri: Yakobo 1:27
Lengo la somo: Kutuandaa, wanaosafiri na wanaobaki, ili viatu na nguo tunazopeleka kwa watoto ng'ambo ya mpaka ziwafae watoto wenyewe na familia zao.

UTANGULIZI

Mpendwa katika Bwana, ukiingia ukumbini Jumapili hii utaona masanduku matatu kando ya meza ya wakaribishaji: moja la viatu, moja la nguo, moja la soksi na sweta. Idara ya misheni inajiandaa kuvuka mpaka wa Busia likizo ya Desemba, kwenda kutembelea makao ya watoto mashariki mwa Uganda. Mwitikio wenu umetutia moyo sana. Kuna mama anayeuza mboga ambaye ameleta jozi sita mpya. Kuna kijana wa Gredi ya 7 aliyeleta raba alizonunuliwa mwaka huu, bado zinang'aa. Mungu awabariki.

Wengi wetu tunakumbuka tukiwa upande ule mwingine. Tulipokuwa wadogo wageni walikuja kutoka Marekani na Ulaya na mabegi makubwa, tukapangwa mstari, tukapewa. Wengine walipata viatu vilivyowatosha, wengine walipata kiatu kikubwa wakaweka karatasi ndani, na maisha yakaendelea. Sasa Bwana ametufikisha mahali ambapo sisi ndio tunabeba mabegi. Hiyo ni neema, na pia ni kazi inayohitaji hekima.

Wiki hii nataka tuulize swali moja tu, kisha tuliache Neno litujibu: zawadi hizi zikifika, zitamsogeza mtoto karibu na nyumbani kwao, au zitamfanya akae mbali zaidi?

Mwalimu wetu ni mama mmoja aliyekuwa akishona kanzu. Hana alimtoa Samweli kwa Bwana kwa nadhiri, na mtoto akawa anaishi Shilo chini ya kuhani Eli. Samweli hakuwa yatima. Alikuwa na baba na mama walio hai, lakini aliishi mbali nao, akilelewa na watu wengine. Biblia inasema kila mwaka mama yake alimshonea kanzu ndogo akampelekea, alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu ya mwaka. Ni mstari mmoja tu, 1 Samweli 2:19, lakini una mafundisho mengi kwa mtu anayefunga boksi la viatu.

1. MAHITAJI NI YA KWELI, KWA HIVYO TUSIONE HAYA KUTOA

Kabla hatujaenda mbali, tusimame hapa. Kuna watu wakisikia swali kama lile nililouliza hapo juu wanafunga mkoba: "Basi kama kuna shida, wacha nisitoe." Hapana. Yakobo sura ya 2 inamkemea anayemwona ndugu yake hana nguo, akamwambia aende kwa amani akaote moto, bila kumpa chochote. Katika Kumbukumbu la Torati 10:18, Mungu mwenyewe anatajwa kama anayemtetea yatima na mjane, na anayempenda mgeni hata kumpa chakula na mavazi.

Kiatu ni dawa pia. Wanaotoka Magharibi na sehemu za Kati wanajua funza. Ni kiroboto mdogo. Jike lake linajichimbia kwenye ngozi ya mguu, hasa pembeni mwa kucha na kwenye kisigino, linafura humo ndani na kutaga mayai. Mtoto mwenye funza wengi hatembei vizuri, anachekwa, mwisho anaacha shule. Minyoo ya safura nayo inaingia mwilini kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu, kisha inanyonya damu tumboni mpaka mtoto anakosa nguvu. Kiatu kilichofunga mguu vizuri kinapunguza hatari hizi zote mbili. Lakini kumbuka funza huishi kwenye vumbi la sakafu pia. Nyumba ikiwa na sakafu ya udongo mkavu, kiatu peke yake hakitamaliza kazi.

Kwa hivyo tunatoa. Sasa tujifunze kwa Hana namna ya kutoa.

2. HANA ALIJUA KIPIMO

Angalia neno "kila mwaka". Kanzu ya mwaka jana haingemtosha Samweli mwaka huu. Hana alipokuwa nyumbani Rama akikata kitambaa, ilibidi ajiulize: mtoto wangu sasa amefika wapi? Mabega yake yamepanuka kiasi gani? Alishona kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye alimjua kwa jina, na akarudi mwaka uliofuata.

Linganisha na boksi letu. Tukikusanya viatu bila kipimo tunapata vingi vya watu wazima, vya visigino vya harusi, na raba za mguu mmoja ambazo mwenzake amebaki nyumbani chini ya kitanda. Halafu tukifika kule kila mtoto anapewa kinachokaribia. Mtoto anayepewa kiatu kinachombana hawezi kukataa mbele ya wageni. Anatabasamu, anapigwa picha, jioni anavua na malengelenge.

Kupima si kazi ngumu. Tumewaomba walezi kule wafanye hivi, na wewe unaweza kufanya hivyo hivyo kwa mtoto yeyote:

a) Mtoto asimame juu ya karatasi, uzito wake wote ukiwa mguuni. Akikaa, mguu unaonekana mfupi kuliko ulivyo.
b) Chora mguu wote kwa kalamu iliyosimama wima. Pima miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi mmoja umezidi. Fuata ule mkubwa.
c) Pima jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana kutwa.
d) Ongeza nafasi ya karibu sentimita 1 mbele ya kidole kirefu. Ukiongeza zaidi ya hapo mguu utateleza ndani na mtoto ataanguka.
e) Andika jina, umri na kipimo kwenye karatasi ile ile.

Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kuvuka saizi moja hadi mbili kwa mwaka. Vipimo vya Agosti vitakuwa vimepitwa ikifika Desemba. Ndiyo maana tumeomba karatasi zipimwe wiki mbili kabla ya safari.

Nguo nazo zina kipimo chake. Mtoto wa shule anahitaji yunifomu ya shule yake kabla ya fulana yenye maandishi ya timu ya Ulaya. Anahitaji chupi mpya, si ya mitumba. Msichana aliyebalehe anahitaji sodo na sidiria, na mara nyingi hakuna mgeni anayekumbuka, kwa sababu vitu hivyo havipendezi kwenye picha. Dada zetu wa idara ya wamama, hapo ndipo tunawahitaji.

3. KANZU ILIKUJA NA MAMA

Hana hakutuma kanzu kwa msafara wa wafanyabiashara. Alikwenda yeye na Elkana. Samweli alipoiona ile kanzu, alimwona pia mama aliyeishona. Nguo ilikuwa kamba iliyomuunganisha na kwao.

Mwezi uliopita tulizungumza kwa simu na mlezi wa makao tunayoyatembelea. Tulikuwa tunauliza kuhusu saizi. Akatushukuru, kisha akasema, "Pasta, viatu vya wageni wa Pasaka bado viko stoo. Shida yetu ni Krismasi. Watoto wengi hapa wana mama, wengine wana nyanya, safari ya siku moja tu. Hatuna nauli ya kuwapeleka, na hatuna kitu cha kumwachia nyanya watakapofika."

Wapendwa, maneno hayo yalitusimamisha. Tulikuwa tumepanga kuwaletea watoto Krismasi pale makao, wakati wao wanatamani kwenda kuila kwao.

Na hali hiyo si ya makao hayo peke yake. Shirika la Save the Children lilitoa ripoti mwaka 2009 ikieleza kwamba duniani, angalau watoto wanne kati ya watano walio kwenye makao wana mzazi mmoja au wote wawili wakiwa hai. Kilichowatoa nyumbani mara nyingi ni umaskini: karo, chakula, ugonjwa, ulemavu ambao mama alishindwa kuugharamia. Mama anasikia kwamba kule makao watoto wanapata viatu, chakula na shule. Anampeleka mtoto kwa machozi, akiamini anamfanyia mema. Yaani zawadi zetu nzuri zinaweza kuwa ndiyo sababu ya mtoto kuondoka nyumbani, bila sisi kukusudia. Ikiwa kiatu kinapatikana tu ndani ya lango la makao, mzazi maskini ataliendea lango hilo.

Mataifa yamejifunza jambo hili kwa gharama. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka kule Romania Desemba 1989, dunia iligundua zaidi ya watoto 100,000 wakiishi kwenye makao ya serikali katika hali ya kutisha. Makanisa ya Ulaya na Marekani yalikimbilia huko na malori ya nguo na viatu, na walifanya vyema kwa dharura ile. Lakini mwaka 2000 watafiti walianza kufuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye makao mjini Bucharest. Nusu yao walitafutiwa familia za kuwalea. Walioingia kwenye familia, hasa kabla ya kufika miaka miwili, walikua vizuri zaidi kiakili na katika kushikamana na watu. Makao yanaweza kumpa mtoto kitanda na sahani, lakini mtu mmoja wa kumwita wake kila asubuhi ni vigumu kumpata pale ambapo walezi wanabadilishana zamu.

Karibu na sisi, Rwanda ilihesabu watoto na vijana 3,323 katika makao 33, na mwaka 2012 ikapitisha mkakati wa kuwarudisha kwenye familia. Watu wa kawaida waliojitolea kuwapokea nyumbani wanaitwa Malayika Murinzi, na hapo hata wewe unayeongea Kiswahili umeelewa: malaika mlinzi. Kenya yetu pia iko na Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ya Watoto wa 2022 hadi 2032, unaolenga kuhamisha malezi kutoka kwenye makao kwenda kwenye familia na jamii.

Wengine watauliza, "Na George Müller je?" Wahubiri wengi humtaja Müller tunapofundisha imani, na ni haki. Alifungua nyumba yake ya kwanza ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na kabla hajafa mwaka 1898 alikuwa amehudumia zaidi ya watoto 10,000. Wakati ule, mtoto yatima wa mjini pengine angeishia barabarani au kwenye nyumba za kazi za maskini. Lakini huduma ile ile aliyoiacha ilifunga majengo yale makubwa mwaka 1958, ikawahamishia watoto kwenye nyumba ndogo za kifamilia. Warithi wa Müller hawakuona kwamba wanamsaliti.

Nao watoto wa Biblia je? Musa aliokotwa mtoni na binti wa Farao, mwanamke mwenye mali. Angeweza kumvika mavazi ya kifalme siku hiyo hiyo. Soma Kutoka 2:7–9 uone kilichotokea: mtoto alirudishwa kwa mama yake mzazi anyonyeshwe, na mama akalipwa mshahara kwa kumlea mwanawe. Esta alifiwa na baba na mama. Mordekai, jamaa yake, akamchukua kama binti yake. Zaburi 68, mstari wa 5 na 6, inamtaja Mungu kama baba wa yatima, kisha mara moja inasema habari za kuwakalisha wapweke nyumbani. Na Yakobo 1:27, andiko letu la kukariri, linawataja yatima na wajane pamoja. Mjane yule mara nyingi ndiye mama ya yule mtoto. Ukimsaidia yeye mapema, mtoto hatafika kwenye makao kamwe.

Kwa sababu hiyo kamati imebadilisha mpango wa Desemba. Viatu vitakwenda, lakini vitavaliwa siku ya kusafiri kwenda nyumbani. Kila mtoto ambaye afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya ameridhika kwamba nyumbani kwao ni salama, atapelekwa na mlezi wake, na nauli tutalipa sisi. Begi lake litakuwa na nguo zake, na pia kitu cha nyumbani: blanketi, unga, sabuni, na viatu vya ndugu zake waliobaki. Asije mtoto mmoja akarudi kijijini amevaa vizuri na wadogo zake wakiwa miguu mitupu. Tumeona kwa wana wa Yakobo vazi moja linavyoweza kuharibu nyumba.

Wapo watoto ambao hawana pa kurudi, na wengine kwao kuna hatari. Hao watabaki, na watu wawili wa timu watakaa nao Krismasi, pamoja na walezi wanaowajua.

4. CHUNGA UMA WENYE MENO MATATU

Sura hii hii inayotupa kanzu ya Hana inatupa pia habari mbaya. Mstari wa 12 mpaka 17, wana wa Eli walikuwa na desturi: mtu akileta dhabihu, mtumishi wa kuhani alikuja na uma wenye meno matatu, akauchoma kwenye sufuria, na kila ulichoinua kilikuwa chao. Mstari wa 22 unataja uchafu mwingine mbaya zaidi uliofanyika mlangoni pa hema. Na hapo ndipo mtoto Samweli alipolala usiku!

Nyumba inaweza kuitwa ya Mungu na bado iwe na uma. Kwa hivyo tunapofika na sadaka zetu, tunaangalia. Sheria ya Uganda inataka makao ya watoto yawe yameidhinishwa na wizara inayohusika na watoto, na mtoto kwa kawaida awekwe humo kwa amri ya mahakama, ukiondoa dharura. Kuna afisa wa wilaya wa ustawi wa jamii mwenye wajibu wa kufuatilia. Maswali yetu ni haya, na tunayauliza kwa upole lakini hatuyarukii:

• Cheti cha kuidhinishwa kiko wapi, na kinaisha lini?
• Kila mtoto ana faili? Inaeleza familia yake ni nani, na mara ya mwisho walionana lini?
• Ni watoto wangapi wamerudi nyumbani mwaka huu?
• Vitu vilivyoletwa na wageni waliotangulia vimeandikwa wapi?

Mwenye makao anayekasirika ukimuuliza watoto wangapi wamerudi nyumbani amekujibu. Makao mengine hayataki watoto wapungue, kwa sababu watoto ndio wanaovuta wafadhili. Sadaka ya mjane wetu wa mboga isiende kulisha jambo hilo.

Na sisi wageni tujichunge pia. Hatuingii vyumba vya kulala. Hakuna mtu wa timu, hata pasta, anayekaa peke yake na mtoto. Mtoto mdogo anayemkimbilia kila mgeni na kumng'ang'ania shingoni usidhani ni upendo wa Roho. Mara nyingi ni mtoto ambaye ameachwa na wengi. Ukimbeba siku mbili ukalia naye, kisha ukapanda basi, umeongeza jina lako kwenye orodha ya walioondoka. Mwachie mlezi wake ambebe, wewe saidia kufua na kupanga stoo.

Kuhusu picha: Mathayo 6:1–4. Bwana Yesu alishasema habari za kupiga panda tunapotoa sadaka, na simu yako ni panda. Sheria za kulinda data, za Kenya na za Uganda zote za mwaka 2019, zinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Timu itapiga picha za masanduku na stakabadhi. Nyuso za watoto hatutaziweka kwenye makundi ya WhatsApp wala kwenye skrini ya kanisa.

5. PAULO ALIPIGA HESABU

Katika 2 Wakorintho 8, Paulo anapeleka mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu, ng'ambo ya bahari. Hapo mstari wa 18 hadi 21, anaeleza kwa nini wamechagua watu kadhaa wanaoaminika kuubeba: ili pasiwe na lawama, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu. Kuweka hesabu wazi ni ibada pia.

Wacha tufanye mfano mdogo, wa darasani tu. Tuseme watu 30 wanasafiri, kila mmoja akitumia shilingi 12,000 kwa nauli, malazi na chakula. Hiyo ni shilingi 360,000 kabla hujanunua kiatu kimoja. Wakienda 8 wanaotosha kwa kazi, gharama inakuwa shilingi 96,000. Zinabaki 264,000. Piga hesabu ya nauli za watoto, unga, cherehani ya mama mmoja, karo ya muhula kwa wanaorudi nyumbani. Kwa hivyo mwaka huu tunatuma 8. Wale 22 walioandika majina, tafadhali msivunjike moyo: huduma yenu imo katika hatua za wiki hapo chini.

Jambo la pili la hesabu ni mahali pa kununua. Mpakani, bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zina unafuu wa ushuru zikiwa na cheti cha asili. Robota la mitumba kutoka Ulaya halina unafuu huo, hata ukisema ni la yatima. Na hata lingepita bure, kule Uganda kuna mafundi wa viatu na cherehani ambao nao wana watoto. Tukimwaga viatu vya bure karibu na duka la fundi, mwezi huo watoto wake watakula nini? Dorkasi wa Yafa katika Matendo 9 alishona mwenyewe, na alipokufa wajane walisimama wakionyesha kanzu na nguo alizowatengenezea wakiwa pamoja naye. Yunifomu za safari hii zitashonwa na mafundi wa mji ule ule, wakiwemo akina mama wawili ambao watoto wao wako kwenye makao. Hapo tumefanana kidogo na binti wa Farao.

Hata wafanyabiashara wamejifunza. Kampuni ya viatu ya TOMS, iliyoanza mwaka 2006, ilijulikana kwa kutoa jozi moja bure kwa kila jozi iliyouzwa. Watafiti walipofuatilia watoto kule El Salvador walikuta watoto wamevipenda na kuvivaa. Lakini maisha yao hayakubadilika sana, na waliopewa walikuwa wepesi zaidi kusema kwamba watu wengine ndio wanapaswa kutosheleza mahitaji ya familia zao. Mwaka 2019 kampuni ilianza kuuacha mpango huo wa jozi kwa jozi na kusaidia kwa njia nyingine. Ikiwa wenye biashara wanaweza kubadilisha mbinu, kanisa lenye Roho Mtakatifu lisishindwe.

HATUA ZA WIKI HII

1. Kila ushirika wa nyumbani utapokea karatasi tano za vipimo, zenye namba badala ya majina kamili. Nunueni viatu vyeusi vya shule vya vipimo hivyo tu, vipya, vya kufunga vizuri. Waliokwisha kuleta vingine, havitapotea: vitagawiwa kwa familia za ushirika wetu wenyewe.
2. Anayetaka kutoa pesa badala ya viatu, tumia namba ya kanisa ya M-Pesa na uandike NAULI kama akaunti. Taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa ubaoni Jumapili ya kwanza ya Januari.
3. Wanaosafiri wakague vitambulisho. Mkenya mtu mzima anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Orodha ya vitu vyote, pamoja na stakabadhi, ikabidhiwe kwa mratibu siku saba kabla, ili wakala wa forodha aishughulikie mapema.
4. Wale 22 wanaobaki: kila wawili watapewa familia moja hapa mtaani kwetu ambayo imezidiwa, mjane au nyanya anayelea wajukuu. Watembeleeni mara mbili kabla ya Krismasi. Pimeni miguu ya watoto wake. Mnaweza kuzuia safari ya mtoto mmoja kwenda makao bila kuvuka mpaka wowote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kanzu ya Hana ilitoka kila mwaka. Ni zawadi gani tunazotoa mara moja tu na kusahau? Tutafanyaje ili turudi?
2. Soma Kutoka 2:7–9. Ungekuwa binti wa Farao, ungekubali kumlipa mama mzazi amlee mtoto uliyemwokota? Kwa nini ni vigumu kwetu kutoa namna hiyo?
3. 1 Timotheo 5:4 na 5:16 zinataka familia iwatunze walio wake kwanza. Kanisa linaweza kuisaidiaje familia itimize hilo bila kuchukua nafasi yake?
4. Kuna mtoto wa ukoo wako anayelelewa kwenye makao? Nani katika familia amezungumza naye mwaka huu?

OMBI

Baba wa yatima, tunakushukuru kwa kuwa ulituvika sisi tulipokuwa uchi. Tunakuletea viatu hivi na nguo hizi. Wabariki walioleta, hasa walioleta kutoka katika upungufu wao. Walinde wanane watakaosafiri, uwape macho ya kuona na ulimi wa upole. Mtie nguvu kila mlezi anayeamka usiku mtoto akilia. Mkumbuke kila mama aliyemwacha mtoto langoni kwa sababu hakuwa na la kumpa. Mfungulie njia ya riziki. Desemba hii, watoto wanaoweza kurudi nyumbani wafike salama, na wakute mlango uko wazi. Wasio na nyumba, ewe Bwana, watafutie nyumba kati yetu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.